Kadi Zetu Ziko kwa Watu Wengine

Redio ya ridhaa ni mtambo wa mtu binafsi mwenye leseni, anaoutumia nyumbani kuzungumza na wenzake wa mbali kwa kupenda tu. Mtu aliyekuwa akiendesha redio hiyo hapa Dar es Salaam mwaka 1958, usiku akampata mwenzake wa Ohio, Marekani, wakazungumza dakika tano, aliachiwa na mazungumzo hayo vitu viwili. Cha kwanza ni mstari mmoja katika daftari lake: tarehe, saa, masafa, alama ya wito ya mwenzake, yaani jina lake la hewani, na jinsi walivyosikilizana. Cha pili ni kadi. Wa Dar alituma kadi yake Ohio kuthibitisha kwamba kweli wamezungumza, na wa Ohio akatuma yake Dar. Hizo ndizo kadi za QSL, na waendesha redio wa dunia nzima wamepelekeana kadi za namna hiyo kizazi baada ya kizazi.

Angalia sasa kinachofuata. Kadi ya Dar inaishia Ohio, kadi ya Ohio inaishia Dar. Mzee akishafariki na watoto wakafungua kabati lake, watakuta humo Japani, Brazili, Afrika Kusini, Poland, visiwa ambavyo hawajawahi kuvisikia. Watakuta kila mtu isipokuwa baba yao. Kadi zake yeye, zenye jina lake na picha aliyoichagua na mwandiko wake, zimetawanyika katika maboksi ya viatu ya watu asiowajua, kwenye nchi ambazo hakukanyaga.

Katika kazi yangu ya makumbusho ya mtandaoni, ambamo tunakusanya kadi na madaftari ya redio hizi, nimejifunza mengi, lakini hilo ndilo ninalolishika kuliko yote. Historia ya redio ya ridhaa ya Dar es Salaam haiko Dar es Salaam peke yake. Nusu iko kwetu na nusu iko kwao, na hakuna jengo la makumbusho, hata liwe kubwa namna gani, linaloweza kuzikutanisha nusu hizo mbili. Ukurasa wa intaneti unaweza.

Tuko wachache tunaofanya kazi hii, wote kwa kujitolea. Hatuna jengo wala tiketi. Tuna skana, diski, seva ya kukodi, na masanduku tunayoazimwa na familia kisha tunayarudisha.

Masanduku ya kwanza yalitoka Upanga, katika nyumba ambayo familia ya Kigoa, yenye asili ya Goa, India, ilikuwa ikijiandaa kuihama. Mwenye nyumba ni bibi anayekaribia miaka tisini, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu mume wake alifanya kazi za simu na alikuwa na leseni ya redio tangu kabla ya Uhuru.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Ila nikwambie mapema, redio yenyewe haipo. Alipita kijana wa vyuma chakavu, mwanangu mkubwa akampa. Zimebaki karatasi tu."

Redio hiyo, kwa maelezo yake, ilikuwa Eddystone, chombo cha kupokelea mawimbi kilichotengenezwa Birmingham, Uingereza, cha chuma kizito, chenye kitufe cha kutafutia stesheni ambacho ukikisukuma kinazunguka chenyewe muda mrefu. Transfoma yake bila shaka ilivunjwa ikatolewa shaba. Karatasi hazikuwa na bei kwa yule kijana, ndiyo maana zilisalimika.

Watu wengi nikiwasimulia habari hii wanasikitikia redio. Nami nazipenda zile redio za vali, yaani taa za kioo. Ukikaa nayo gizani ikapata moto, unaelewa kwa nini watu walikuwa hawalali. Lakini Eddystone zimebaki nyingi duniani, zinafanya kazi, na vitabu vyake vya ufundi vimeshaskaniwa na kuwekwa wazi. Daftari la mzee wa Upanga lilikuwa moja tu. Siku hizi familia ikinipigia simu kuniambia wana redio ya zamani, nauliza kwanza kama kuna daftari. Chombo bila daftari kinaniambia kiwanda kilifanya nini. Daftari linaniambia mtu alifanya nini, usiku gani, na nani alimjibu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye alama ya wito, maana hilo ndilo jina la mtu akiwa hewani, na herufi zake za mwanzo zinataja nchi. Wakati wa Waingereza Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya uhuru kila nchi ilipata zake: Kenya 5Z4, Uganda 5X5, sisi 5H. Dar es Salaam ikajulikana zaidi kwa 5H3, Zanzibar ikawa 5H1. Maana yake ni kwamba mtu mmoja aliyekaa nyumba ileile, na waya uleule juu ya paa, ana majina mawili katika makabati ya dunia. Kompyuta ikiachiwa ipange yenyewe itamhesabu kuwa watu wawili. Kumuunganisha kunahitaji daftari, au kunahitaji mtu anayekumbuka.

Kuna jambo la Zanzibar ambalo hunishangaza kila ninapolisimulia. Chama cha waendesha redio wa Marekani, ARRL, kina orodha iitwayo DXCC, ambayo ndiyo inayoamua mahali gani pahesabiwe peke yake mtu anapokusanya mawasiliano ya dunia. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Katika orodha ile Zanzibar iliendelea kusimama peke yake mpaka tarehe 31 Mei 1974. Kwa miaka kumi nzima mtu wa Japani akimpata mtu wa Unguja aliandika hesabu moja, akimpata wa Dar akaandika nyingine. Matokeo yake ni kwamba kadi za Unguja zilitafutwa kwa udi na uvumba, zikafungwa kwenye nailoni na kutunzwa, wakati za Dar zilirundikwa na nyingine. Anayekusanya huthamini kilicho adimu. Kwa hiyo tukizikuta nje kadi nyingi za visiwani, hatuandiki haraka kwamba visiwani ndiko kulikokuwa na waendesha redio wengi. Tunajiuliza kwanza nani alizitunza na kwa nini.

Swali kama hilo lilitokea tena tulipopanga kadi za masanduku ya Upanga mwaka kwa mwaka. Mwaka 1957, 1958 na 1959 zimejaa. Halafu zinashuka, zinashuka, mpaka 1964 na 1965 ambako ni chache mno. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi akasema papo hapo: "Ni siasa hiyo. Watu waliogopa." Ana haki ya kufikiri hivyo. Januari 1964 ilikuwa na Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 na maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles hapahapa Dar tarehe 20. Nani angetaka kuonekana na mlingoti wa redio mwezi kama ule?

Lakini jua nalo lina mambo yake. Madoa ya jua huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takriban miaka 11. Yakiwa mengi, tabaka la juu la anga hupata chaji kubwa ya umeme na hurudisha duniani mawimbi ya megahezi 21 na 28 ambayo madoa yakipungua hupita moja kwa moja na kupotelea angani. Kilele cha mwaka 1957 na 1958 ni kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuhesabiwa. Miaka ile wati hamsini na waya wa mita kumi ulioning'inizwa kati ya minazi miwili vilimtosha mtu wa Dar kufika California. Mwaka 1964 jua lilikuwa chini kabisa, na waya uleule ulinyamaza.

Tukarudi kwenye daftari. Waendesha redio wa zamani walitakiwa kuandika kila wanapoita, hata wasipojibiwa. Na mzee alikuwa ameandika. Februari 1964, Machi, Aprili: ameita, hakuna jibu, ameita, hakuna jibu, amemsikia mtu wa Nairobi. Hakuogopa wala hakuzima redio. Alikuwa anaita karibu kila jioni, na anga halikumrudishia kitu. Kadi peke yake isingetuambia hivyo, kwa sababu kadi huja pale tu mtu anapojibiwa. Tangu hapo tunaskani kurasa zote za daftari, pamoja na zile ambazo mtu angeziona tupu.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kwetu hasa. Kadi ya Uingereza au ya Marekani inataja mtaa na namba ya nyumba. Ukitaka unaweza kwenda kusimama mbele ya mlango. Kadi ya Dar inataja sanduku la posta, basi. Hapa barua haiji mlangoni. Mtu ana S.L.P. yake pale posta, au anatumia ya ofisini kwake, na akihama namba hupewa mwingine. Kwa hiyo unaweza kuwa na kadi za mtu za miaka ishirini na usijue kama aliishi Upanga, Oysterbay, Kurasini au Gerezani.

Hapo ndipo tulipoingia mitaani kuuliza wazee. Sikuwahi kufikiri kwamba makumbusho ya intaneti yatanipeleka barazani kwa watu kiasi hiki. Na ukimuuliza mzee, "Je, hapa palikuwa na mwendesha redio ya ridhaa?" atakuangalia tu. Muulize, "Kuna nyumba ilikuwa na mlingoti mrefu na nyaya juu ya paa?" Macho yake yanabadilika.

Mzee mmoja wa mtaa wa jirani na nyumba ile ya Upanga alitusimulia akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Yule Mgoa? Namkumbuka vizuri sana. Tunasikiliza taarifa ya habari, mara sauti yake inapanda juu ya redio yetu. Baba anamtuma kaka aende akamwambie. Anapunguza, anaomba radhi, tunaendelea."

"Mlikuwa mnamwelewa anachosema, mzee?"

"Mwanzoni ndiyo, Kiingereza kimenyooka. Baadaye sijui alibadilisha nini, akawa anasikika kama bata."

Nilipoandika maneno hayo nilishindwa kuficha furaha yangu. Redio ya kawaida ya nyumbani hupokea sauti iliyopandishwa kwenye wimbi lake zima, na ndiyo njia waliyotumia waendesha redio wengi miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 wengi walihamia njia ya kutuma upande mmoja tu wa wimbi, inayookoa nguvu na nafasi, ambayo kwenye redio ya nyumbani hutoa mkwaruzo usioeleweka. Mzee huyu, aliyekuwa mtoto anayesubiri taarifa ya habari imalizike, alikuwa anatuambia kwamba jirani yake alibadilisha mtambo. Tukafungua daftari. Safu ya aina ya utumaji imeandikwa A3, A3, A3 mpaka ukurasa fulani, kisha inaanza A3J na hairudi nyuma tena. Ndiyo huo upande mmoja wa wimbi. Jirani na daftari wamesema neno moja.

Malalamiko ya majirani yamekuwa chanzo chetu kizuri kuliko barua rasmi. Mtu husahau kilichompendeza, lakini aliyekatiziwa mpira redioni hasahau. Tumeanza kurekodi sauti za wazee hawa kwa simu, kwa ruhusa yao, na kila sauti inabandikwa kwenye kadi za kituo kinachohusika. Ramani yetu ya vituo vya Dar imetokana zaidi na maneno kama "nyumba ya pili toka msikitini" kuliko anwani yoyote.

Saa ni somo jingine. Daftari la redio huandikwa kwa saa ya Greenwich ili watu wa dunia nzima wapatane. Leo Dar iko saa tatu mbele ya Greenwich, na sisi tena tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa 18:00 ya daftari kwetu ni saa tatu usiku. Lakini mazungumzo ya saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi yameandikwa daftarini kuwa ni ya Ijumaa, saa 22:00. Katika madaftari ya miaka ya 1970 nimeona penseli pembeni, mtu amejiandikia saa ya Kiswahili ili asikose miadi na rafiki wa Ulaya. Penseli hiyo tunaiskani ilivyo na hatuifuti. Na kuna tarehe. Kadi iliyoandikwa 5/6/62 ikitoka Marekani ni Mei 6, ikitoka Uingereza ni Juni 5. Kwenye rejista yetu tunaandika kwanza kile kilichoonekana kwenye kadi, herufi kwa herufi, kisha katika safu nyingine tunaandika tunavyokielewa sisi. Atakayekuja baadaye akiwa na ushahidi bora atasahihisha safu ya pili bila kuigusa ya kwanza.

Upande wa ufundi siuzungumzii sana, maana unafundishika. Pande zote mbili za kadi, nukta 600 kwa inchi, faili kamili la picha, la TIFF, linahifadhiwa halifanyiwi lolote, na nakala ndogo ndiyo inayowekwa hadharani. Nakala hiyo lazima iwe nyepesi kwelikweli. Wageni wetu wa Dar wanakuja kwa simu, kwa bando walilonunua wenyewe, na picha nzito inamfanya mtu afunge ukurasa kabla hajaona jina la babu yake. Kadi zilizoshikana kwa unyevu wa bahari hatuzibandui kwa nguvu wala kuzianika juani; tunaziacha kivulini mbele ya feni mpaka zikubali zenyewe. Mchwa hawana dawa. Kilicholiwa kimeliwa, na tunaskani kilichobaki.

Suala la nani aonekane na nani asionekane limenichosha zaidi ya mchwa. Kadi ina jina la mtu na anwani yake. Aliyeituma mwaka 1975 alimtumia mtu mmoja, hakuitundika mbele ya dunia. Tulikubaliana kwamba anwani na namba za masanduku zifunikwe, na jina la mtu wa hapa lionyeshwe familia ikiridhia.

Familia moja ya Kinondoni ilitukatalia, na sababu walizotoa zilikuwa nzito. Mama wa nyumba ile anakumbuka balozi wa nyumba kumi akija jioni kuuliza ule waya ni wa nini na mume wake anazungumza na nani usiku. Leseni ilikuwepo, akaonyeshwa, akaondoka. Lakini minong'ono mtaani haikuondoka naye, na watoto walikua wakisikia baba yao akiitwa jasusi. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unaona historia. Mimi naona watu wataanza tena." Kadi zao tumeziskani kwa ombi lao wenyewe, ziko kwenye diski yao, na sisi hatuna nakala. Kuna wenzetu waliona tungejaribu kumshawishi zaidi. Mimi sikuona hivyo, na bado sioni. Mume wake alizungumza na dunia nzima kwa leseni halali. Alichokosa ni utulivu mtaani kwake, na mke wake ana haki ya kuulinda sasa.

Juhudi kama yetu ziko kubwa kwingineko na zimetusaidia sana. Vienna, Austria, kuna hifadhi iitwayo Dokumentationsarchiv Funk yenye mamilioni ya kadi za QSL, iliyojengwa kwa uvumilivu wa Wolf Harranth, mwandishi na mfasiri wa vitabu vya watoto aliyefariki mwaka 2021. Huko San Francisco, Internet Archive ilianza mwaka 2022 maktaba ya kidijitali ya redio ya ridhaa. Fedha za kuianzisha zilitoka ARDC, shirika la Marekani la waendesha redio ya ridhaa, na hadithi ya fedha hizo ni tamu. Mwaka 1981, intaneti ikiwa bado changa, waendesha redio walitengewa fungu la anwani za mtandao zaidi ya milioni 16, ambazo wakati ule hazikuwa na bei yoyote. Mwaka 2019 robo ya fungu hilo iliuzwa kwa Amazon, na mapato yakawa mfuko wa kusaidia mambo ya redio duniani, hifadhi za historia zikiwemo.

Sisi tunafaidika kwa vitabu vya orodha. Kulikuwa na kitabu cha alama za wito za dunia kilichochapwa Chicago miaka mingi, na nakala zake nyingi za zamani sasa zinasomeka bure. Unafungua mwaka, unashuka mpaka VQ3, unakuta orodha fupi ya watu wa Tanganyika: alama, jina, sanduku la posta, mji. Fungua mwaka unaofuata uone nani ameongezeka na nani hayupo. Nimekesha na orodha hizo. Ni kurasa kavu, lakini ndizo zilizotupa majina ya kuwaulizia wazee barazani.

Kila mwaka tarehe 18 Aprili, siku ya redio ya ridhaa duniani, ambayo ni kumbukumbu ya kuundwa kwa umoja wa kimataifa wa waendesha redio mjini Paris mwaka 1925, tunafungua fungu jipya la kadi. Katika fungu moja tuliweka kadi za Marekani kutoka masanduku ya Upanga. Muda si mrefu ukaja ujumbe kutoka Ohio. Mwandishi wake alikuwa anatafuta alama ya wito ya babu yake akaikuta kwetu. Ile kadi ina picha ya babu huyo akiwa kijana, ameketi mbele ya mitambo yake, vifaa vya kusikilizia masikioni. Familia haikuwa na picha ile. Babu alikuwa amezituma zote, kama ilivyo desturi, na hakujibakizia hata moja. Picha yake ilikuwa Dar es Salaam miaka yote hiyo.

Tukamwomba afungue boksi la babu yake atafute VQ3. Akaipata. Kadi ya mzee wa Upanga, minazi na jahazi kwa wino wa buluu, na nyuma yake tarehe, saa 19:42 ya Greenwich, megahezi 21. Tukafungua daftari kwenye tarehe hiyo. Saa 19:42, megahezi 21, alama ya wito ya Ohio. Mstari na kadi vilikutana tena kwenye kioo kimoja. Chini ya kadi, kwa mwandiko mzuri wa kalamu, kulikuwa na sentensi mbili za Kiingereza: kwamba mvua za masika zimeangusha antena na wameisimamisha tena jana, na kwamba wanamtakia heri yeye na mkewe.

Nilimpelekea bibi picha hiyo kwenye simu, nikamkuzia maandishi ayaone.

"Huu mwandiko wa mzee ulikuwa mzuri sana, bibi."

"Si wa mzee," akasema. "Huo ni wangu. Mwandiko wa yule hausomeki. Yeye anazungumza usiku, asubuhi ananiachia daftari, mimi nikirudi shule naandika kadi. Stempu nalamba mimi, posta naenda mimi. Hiyo habari ya mvua pia ni mimi. Yeye angeandika masafa tu."

Tulikuwa tumeorodhesha kituo kile chote kwa jina la mtu mmoja. Leseni ilikuwa ya mume, na sauti ilikuwa ya mume. Lakini kila kadi iliyotoka nyumba ile, na kila neno la kibinadamu juu ya kadi hizo, lilitoka mkononi mwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye jina lake haliko katika kitabu chochote cha orodha. Na daftari lenyewe lisingelionyesha hilo kamwe. Ilibidi kadi irudi kutoka Ohio, na irudi yeye akiwa hai kuisoma.

Siku ile tulirekodi mazungumzo naye mpaka magharibi. Akatueleza namna walivyochagua picha ya jahazi, bei za kuchapisha kadi zilivyowaumiza, na jinsi alivyozitenga kadi za kwenda nchi ambazo barua zake zilichelewa. Tukaongeza safu kwenye rejista kwa ajili ya mwandishi wa kadi, na tumeanza kuwauliza wake, dada na watoto wa waendesha redio wengine swali hilohilo. Majibu yanakuja. Nyumba moja ya Kurasini kadi ziliandikwa na binti wa darasa la saba, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na bado anazikumbuka alama za wito kwa kichwa.

Mafaili yote yanakaa sehemu tatu, moja ikiwa nje ya nchi, kwa sababu nimeona kurasa nyingi za waendesha redio zikitoweka mwenyewe anapofariki na malipo ya seva yanapokatika. GeoCities, huduma iliyowapa watu kurasa za bure za intaneti, ilipofungwa mwaka 2009 ilikwenda na nyingi. Familia zilizotuazima masanduku nazo hupewa diski yao.

Tunachotafuta sasa ni kadi zilizotoka hapa: VQ1, VQ3, 5H1, 5H3, za mwaka wowote. Ukiwa nje ya nchi na una jamaa, jirani au mwajiri mzee aliyewahi kuendesha redio, muulize ana nini kutoka Tanganyika, Zanzibar au Tanzania. Piga picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi. Bahasha ikiwepo, ipige picha nayo, na tafadhali usikate stempu, maana muhuri wa posta mara nyingi ndiyo tarehe pekee iliyobaki. Na ukiwa Dar, na nyumbani kwenu kuna aliyekuwa akiziandika, anza kumrekodi yeye kabla hujagusa sanduku.